Kinanda Kilichomjibu Mama

Kila baada ya miaka michache wanautoa upya. Jalada ni jipya, lakini picha ni ya vijana walewale wawili wa Uingereza: mmoja mdomo wazi mbele ya maikrofoni, mwenzake nyuma ya kinanda cha umeme, amekaza uso kama mtu aliyeambiwa asubiri na hakuambiwa hadi lini. Vibao ni vilevile. Wanavuruga mpangilio kidogo ili watu kama mimi tudanganyike, nasi tunadanganyika. Mkusanyo huo nimeununua ukiwa kaseti, nikaununua tena ukiwa sidii, na sasa binti yangu amenitilia kwenye simu yake. Huniuliza ninaona nini kwa hawa wazee. Mimi humwambia kwamba muziki wa siku zetu ulikuwa na adabu, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Ninachotafuta humo ni sauti ya mama yangu.

Katika miaka ya themanini, kaka yangu nami tulipanga chumba kimoja mtaa wa Bulla Pesa. Yeye alibeba magunia kwenye stoo ya nafaka mjini, mimi nilikuwa shuleni. Mama alibaki Garbatulla na mbuzi wake. Wakati huo redio ilijaa waimbaji wa wawili wawili. Zamani bendi ilikuwa kikosi kizima, kuna wa ngoma, wa gita, wa tarumbeta, na wengine kazi yao kuitikia tu. Hawa walikuja wawili na mashine, basi. Na sisi wawili, wenye jiko la makaa, magodoro mawili na redio kaseti, tukaona hapo tumeguswa.

Kaka alijinyima kwa muda mrefu hadi akanunua kaseti ya vibao vyao bora. Alasiri akirudi kutoka stoo, vumbi la mahindi limemjaa kwenye nyusi, aliimba. Mimi nilikuwa mtu wa kinanda, na kinanda changu kilikuwa sanduku langu la bati. Sheria ya kaka ilikuwa moja: mtu wa kinanda hacheki. Nilijitahidi, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kujitungia na hakunirahisishia kazi.

Marafiki zake walikuwa na ugonjwa wa kuazima wasirudishe. Kwa hiyo kaseti ile aliificha ndani ya kasha tuliloliandika "Mama", maana alijua hakuna kijana atakayetaka kusikiliza salamu za mama wa mwenzake.

Kasha hilo lilikuwa la barua zetu. Mama hakujua kusoma, na sisi hatukupenda mambo yetu yasomwe na mwalimu huku majirani wamejikalia wanasikiliza. Kama nyumba nyingi za wakati ule, tulitumiana sauti. Unarekodi, unampa dereva wa lori la Garbatulla, na baada ya siku kadhaa kaseti inarudi imefutwa na kujazwa maneno ya upande wa pili. Kaseti za dukani zilikuwa na vitundu nyuma vya kuzuia usirekodi juu yake. Hakuna nyumba iliyosumbuliwa na vitundu hivyo. Unatafuna kipande cha karatasi, unaziba, unaendelea na kazi.

Siku moja lori lilikuwa tayari linanguruma na dereva anapiga honi, naye alikuwa mtu wa hasira za karibu. Kaka alitoka mbio na kasha la "Mama" mkononi. Alirudi akitabasamu, akatafuta kaseti yake tuimbe. Niliona tabasamu likimtoka usoni polepole. Barua yetu ilikuwa juu ya meza. Waimbaji wake walikuwa njiani kwenda Garbatulla.

"Atairudisha tu," nilimwambia. "Ataona ni ya muziki."

"Mama? Wewe humjui mama?"

Tulimjua wote wawili. Kwetu, chombo cha maziwa kikiletwa kwako hukirudishi kikavu. Unatia sukari, au majani ya chai, hata kama ni kiganja kimoja, maana kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako huna haja naye tena. Mama aliichukulia kaseti hivyohivyo. Isingewezekana itoke mikononi mwake bila kitu chake ndani.

Ilirudi pamoja na kidumu cha maziwa ya ngamia, yenye harufu ile ya moshi ninayoitamani mpaka leo. Kaka hakuyagusa. Aliiweka kaseti kwenye redio, wimbo wa kwanza ukapita salama, wa pili ukaanza. Katikati, mashine ikakwaruza na mama akaingia.

"Salaam aleikum," alisema, kisha akanyamaza.

Mama hakuweza kusema na mtu bila kumwachia nafasi ya kujibu, hata mtu huyo akiwa redio. Salamu za Kiborana si za kurushwa kama mahindi kwa kuku. Unauliza, unasubiri, unauliza tena. Katika kaseti za nyuma, ukimya wake ulijaa upepo na mbuzi. Safari hii betri zake zilikuwa zimechoka, zimeanikwa juani mara nyingi kuliko kawaida, na redio yake haikuwa na nguvu ya kufuta vizuri yaliyokuwa chini. Kila aliponyamaza, kinanda kilisikika kwa mbali. Aliuliza kama tuna amani, kinanda kikamjibu. Aliuliza habari za shule, kikamjibu. Na kwa sababu redio yake ilizunguka polepole alipokuwa akirekodi, kwenye yetu sauti ilitoka nyembamba na ya haraka, sauti ya msichana. Nilikuwa namsikiliza mama yangu kabla hajawa mama yangu.

"Mvua je?" aliuliza.

"Mvua hakuna," kaka akaijibu redio kwa hasira, "na kaseti yangu pia hakuna."

Nilicheka hadi nikaketi chini. Mama hakuwa amemaliza. Alituambia amewasikiliza watu wetu pamoja na majirani, tangu mwanzo hadi mwisho, wakingoja tuseme kitu. "Huyu anayeimba ana huzuni sana, mpeni chai," alisema. "Na huyu anayepiga kinanda, mbona hasemi neno? Wamekosana?" Hapo kaka naye alishindwa. Alicheka huku akijifuta macho, kisha akaomba maziwa.

Tulirekodi majibu yetu kwenye kaseti nyingine. Ile hatukuifuta tena. Alasiri zetu zikabadilika: wimbo wa kwanza tuliuimba kama kawaida, wa pili ukifika katikati kaka alinyamaza, mama akauliza, nasi tukajibu mahali pake. Nagaa, amani. Shule nagaa. Mvua hakuna, na kaseti pia hakuna. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na sioni sababu ya kujifanya nimewahi.

Kaka alipopata kazi ya utingo kwenye malori ya Marsabit aliondoka nayo, ilikuwa yake. Jua la barabara ile liliikuta kwenye dashibodi na kuikunja. Alinieleza akicheka, nami nilicheka, kwa kuwa mama alikuwa mzima na betri ziliuzwa kila duka. Tulisema tutamrekodi tena. Baadaye kaseti zikapitwa, barua za sauti zikaachwa, na mama akatutoka, na hatukuwa na hata neno lake moja.

Vijana wale wawili nao walitengana, nasikia kwa ugomvi. Mama alikuwa ameusikia mapema. Lakini vibao havikutengana, vinarudi kila mara katika jalada jipya, na mimi nanunua. Najua ni upuuzi. Najua wimbo wa pili ukifika katikati utaendelea tu, safi kabisa. Bado moyo hunidunda pale.

Kaka yuko Nakuru siku hizi, magoti yamekataa kazi. Hunipigia Ijumaa baada ya swala. Wiki iliyopita nilimwambia nina ule mkusanyo kwenye simu ya binti yangu, akasema, "Hebu weka wa pili."

Niliweka simu mbili, yangu yenye kaka na ya binti yangu, pamoja juu ya meza ya jikoni. Mwimbaji aliimba, kaka hakumfuata. Pakafika pale. Mwimbaji akapumzika na kinanda kikabaki peke yake.

"Aleikum salaam," kaka akasema.

Akasubiri. "Nagaa," akasema. Nikajibu ya shule, mimi mwenye wajukuu.

Kisha pakafika pa mvua. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mvua hakuna," alisema.

Nikangoja amalizie ile ya kaseti. Hakumalizia. Wimbo ukaendelea hadi mwisho, mzima, bila mtu wetu ndani yake.