Jante ya Kinga na Macho ya Mama

Fundi wa kinga pembeni ya soko la Baraka aliniuliza kama nimeanza kuuza vyuma chakavu. Kinga kwetu ni baiskeli, na mimi baiskeli sina, sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa nimemwomba jante kuukuu tu, lile duara la chuma, bila tairi na bila nyaya zake za katikati. Nikamwambia ni ya kupigia foto. Akaniangalia kana kwamba naweweseka kwa malaria, akanipa, kisha akacheka mpaka nikapotea kwenye kona. Acha acheke. Mimi nilikuwa na shida yangu, na shida yenyewe ilikuwa macho ya mama yangu.

Mama alishikwa na ugonjwa ule wa ukungu mweupe unaoitwa mtoto wa jicho. Ulimjia polepole. Kwanza alilalamika kwamba chumvi ya siku hizi haionekani kwenye sahani, na mimi nikakubali kwamba kweli, chumvi imeharibika. Halafu akasema watu wa Baraka wamekuwa na majivuno, hawamsalimii tena njiani, kumbe ni yeye aliyekuwa hawaoni. Mwishowe nikawa namshika mkono kumpeleka chooni, mwanamke aliyelima mihogo maisha yake yote bila kumwomba mtu msaada. Tukampeleka Uvira, tukala vumbi la Makobola njia nzima, akapasuliwa jicho la kulia. La kushoto linangoja zamu yake. Hilo linajua tu kama kumekucha. Siku bandeji ilipotolewa, mama aliniangalia muda mrefu, akasema nimezeeka. Nililia kwa furaha, na nilikasirika kidogo vilevile.

Sasa, mdogo wangu wa kiume yuko Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu. Hakuwa amemwona mama tangu apasuliwe. Kila simu yake ikipata rezo, yaani mtandao, ujumbe wake ni uleule: nitumie foto ya mama, nione macho yake. Na si mimi ndiye mpiga foto? Nina chumba changu kando ya barabara. Napiga wanafunzi, napiga mabibi harusi, napiga bamama wa kwaya ambao wote wanataka watoke weupe kuliko Mungu alivyowaumba. Lakini mama yangu mwenyewe alinishinda. Nikimweka karibu na dirisha, uso unatoka mweusi tii, kinachoonekana ni kilemba peke yake. Nikitumia flashi, anafumba macho kabla sijabonyeza, kwa maana tangu apasuliwe mwanga wa ghafla unamchoma. Nilikuwa na foto chungu nzima za mama amefumba macho. Mtumie mtu wa Misisi foto ya namna hiyo uone kama hatafunga safari kuja kuzika.

Ndipo nikaamua kutengeneza taa ya duara. Nilikuwa nimeiona kwenye simu: kamera inachungulia katikati, mwanga unatoka pande zote kwa pamoja, haumshtui mtu. Wavuvi wetu siku hizi wanavutia ndakala, wale dagaa wa ziwani, kwa taa ndogondogo za betri, na mmoja wao aliniachia utepe wa taa hizo uliokuwa umekufa nusu. Nusu iliyo hai nikaizungusha ndani ya jante na kuikaza kwa uzi wa nyavu. Nikaunganisha na betri inayochajiwa na jua. Kimya. Nikaitukana jante, nikautukana uzi, nikamtukana na yule mvuvi ambaye hakuwepo, kumbe nimegeuza plus na minus. Nilipozibadilisha ikawaka, ikawaka kupita kiasi, nikaona nyota. Nikakata chandarua changu cha kulalia, nikakikunja na kukishonea juu ya jante pande zote, katikati nikaacha wazi. Mbu walinila vizuri sana baada ya hapo, lakini mwanga ulitulia.

Mama akaketi kwenye kigoda, akavua miwani yake ya kuonea vitu vya karibu, akafungua macho. Akaendelea kuyafungua. Nikapiga.

Jamani, nilifurahi. Uso wote ulikuwepo, mikunjo yote, hata kile kidoa cha karibu na pua nilichokuwa nakichokoa nikiwa mdogo. Na katika kila jicho duara dogo jeupe, safi, maana jicho ni kioo, linarudisha taa iliyo mbele yake. Sisi wapiga foto tunalipenda duara hilo kuliko kitu. Nikaipanua foto mpaka jicho la kulia likajaa kwenye kamera, nikamsogezea mama nikimhimiza aangalie jicho lake lilivyotoka. Akavaa miwani, akaangalia, akanirudishia kamera, akainuka. Nikadhani amejawa na furaha. Nikaituma foto Misisi, lakini mdogo wangu hakujibu. Nikajua rezo imemtupa tena.

Baada ya hapo mama akabadilika. Jembe lake akampa jirani. Kwaya hakwenda. Nikimuuliza anaumwa nini, anasema hakuna. Nikaanza kumchunguza jicho kwa kuibia, wakati anakula, wakati anasali. Niliogopa. Nilijua akilipoteza lile jicho la kulia hatuna lingine la kulitegemea.

Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo, nikamwona anatoka jikoni amefumba macho kabisa. Mkono mmoja ukutani, mguu ukipapasa chini kabla ya kukanyaga. Akaenda hivyo mpaka kwenye mlango wa choo, akaugusa, akageuka, akarudi. Na mimi nikiogopa nakuwa mkali, ndivyo nilivyo.

“Mama, unafanya nini?”

“Ninajifunza.”

“Unajifunza nini?”

“Mutoto amerudi.”

Niliangusha beseni na nguo zote, nikakimbia mpaka barabarani. Kwetu mutoto aliyekuwa nje ya nyumba ni mmoja tu, yule wa Misisi. Nikaangalia upande wa kutokea Fizi, nikaangalia upande wa ziwa. Pikipiki, mbuzi, mama mmoja na sinia yake ya ndakala. Mdogo wangu hayupo. Nikarudi na hasira, nikamuuliza yuko wapi.

Mama aligusa jicho lake la kulia.

“Iko humu. We mwenyewe ulinionyesha.”

Basi nikakaa chini pale pale kwenye nguo zilizochafuka. Akanieleza taratibu, kama anayenipa pole mimi. Lile jeupe aliliona kwenye foto kwa macho yake. Bado anaona, ndiyo, lakini hata mara ya kwanza ndivyo ilivyoanza, unaona huku jeupe linakua. Kwa hiyo safari hii aliona afadhali aijue njia ya choo mapema, asiwe wa kushikwa mkono tena. Nikacheka. Nilicheka vibaya, kwa kufunguka kifua, na yeye akanuna. Nikamwambia ni taa, mama, ni ile jante. Akasema nilimwambia vilevile kuhusu chumvi.

Nikamvuta mpaka chumba cha foto, nikawasha taa, nikaketi kwenye kigoda, nikajipiga mwenyewe. Nikampanulia jicho langu, nikamwonyesha duara lilelile jeupe. Nilidhani nimemaliza kesi. Akaishika kamera kwa mikono miwili.

“Hata we, mwana wangu? Sasa nani atamushika mwenzake mukono?”

Kwa kweli nilitaka kuivunja ile jante. Badala yake nikamsimamisha mama nyuma ya jante, mahali ninaposimama mimi, nikamwambia avae miwani na apitishe uso katikati ya duara. Kichwa kikapita na kilemba chake. Mimi nikaketi mbele yake, karibu mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, nikafungua macho nisipepese. Nikamwambia afunge jicho la kushoto, aangalie ndani ya macho yangu, yaliyo hai, si ya foto. Akasema analiona lile jeupe. Nikanyoosha mkono, nikazima taa. Akasema limepotea. Nikawasha. Nikazima. Nikawasha tena.

“Rudilia,” akasema.

Nikarudia. Akataka tena, na tena, na kila nikizima nilisikia pumzi yake ikimtoka ndefu, ya joto, ikinipiga usoni. Machozi yalikuwa yananitoka kwa kutopepesa, na kwa mengine. Nilipoiacha ikiwaka, hakuutoa uso wake. Alisogea zaidi, na lile jicho lake la kulia likazunguka ndani ya langu, likitafuta.

“Mule katikati iko mama moja muzee,” akasema. “Kilemba yake imepinda.”

Akaniambia nisitikisike, akainua mikono, akakinyoosha.