Mjomba wa Damu

Anastazia, afisa ustawi wa jamii pale mpakani Horohoro, alikuwa na mtego wake mmoja. Humtenga mtoto kando, akamuuliza anamwitaje huyo anayevuka naye. Matapeli hunaswa hapo hapo: mtu kajitambulisha mjomba, mtoto anasema baba mdogo. Undugu haukaririwi njiani!

Lakini Brightness, binti wa darasa la sita kutoka Muheza, alijibu bila kusita: “Mjomba.” Aliambiwa anakwenda Mombasa kulea mtoto. Mtoto wa shule kupelekwa kazini kulimtia Anastazia shaka, akawaita polisi. Simu ya mjomba, walipoifungua, ilisema mengine: mwenye danguro alikuwa akiuliza binti atafika lini.

Anastazia akampigia mama mtu, akaweka spika ili mtoto afarijike kwa sauti ya mama yake.

“Huyo ni kaka yangu, tumenyonya titi moja,” mama akafoka. “Mimi ndiye niliyemkabidhi, na anakompeleka nakujua. Mwachieni!”

Mjomba akatiwa pingu. Brightness akapandishwa gari la kwenda nyumba salama, Tanga mjini. Njia nzima hakudondosha chozi. Walipoingia mtaa wa Makorora ndipo akamgeukia Anastazia, kwa adabu zake zote.

“Mama, siku mkinirudisha nyumbani, mtanikabidhi kwa nani?”