Kibaraza Chetu Bordesley Green

Dada yangu mdogo ni muuguzi katika mji mmoja wa Iowa, katikati ya Amerika, mahali ambapo mahindi yanaanza pale nyumba zinapoishia. Nilipokwenda kumtembelea alitaka kunipeleka kwenye maduka makubwa. Nikamwambia anipeleke kwenye miji midogo. Kabla sijahamia Birmingham, Uingereza, nilikuwa mwandishi wa redio Nakuru, na mazoea ya kuuliza watu maswali hayajanitoka.

Tukazunguka. Karibu kila mji ulikuwa na mahakama katikati, saa juu yake, na nafasi ya kuegesha magari ya wilaya nzima. Mji mmoja ulifunga barabara yake kuu Jumamosi ili watu waweke meza na kula pamoja, kila mtu na bakuli lake la viazi. Mwingine ulikuwa na maduka mengi matupu, lakini madirisha yake yalijaa picha walizochora wanafunzi, hivyo ilikuchukua muda kugundua kwamba hakuna kinachouzwa. Nilivyopenda zaidi ni vibaraza. Nyumba zilikuwa na vibaraza vinavyotazama barabara, na kwenye kibaraza hakukosi mtu. Nikamuuliza mzee mmoja anafanya nini pale.

"Naitazama barabara," akasema. "Tangu nianze, haijaibiwa."

Nikarudi Birmingham, mtaani kwetu Bordesley Green, na wazo. Mtaa wetu ni wa nyumba zilizoshikana, na mbele ya kila moja kuna kiwanja cha ukubwa wa mkeka, ambacho sote tumekikabidhi kwa mapipa ya taka. Mapipa ndiyo yanayotazama barabara. Watu tunakaa nyuma, kila mtu na uzio wake.

Aliyenifanya niharakishe ni jirani yangu, mjane wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu. Kiswahili chake ni cha kaunta ya duka: kifupi, na kinajua kinachotaka. Mwanawe anayeishi Leicester alikuwa ameamua kumhamishia kwake. Sababu yake haikuwa mbaya. Mama yuko peke yake, na mtaani hakuna anayemjua. Akianguka, nani atajua? Mama hakutaka. Leicester, aliniambia, atapewa chumba cha juu na televisheni, na mkwe atamkataza kugusa jiko.

"Mimi si kabati," alisema. "Huko mimi nawekwa tu."

Mwanawe angekuja Jumamosi kuchukua vitu vya kwanza.

Jumamosi hiyo asubuhi niliyasukuma mapipa nyuma, nikatoa viti vyetu vyeupe vya plastiki, nikavipanga mbele ya nyumba. Mume wangu akachungulia mlangoni.

"Tunauza?"

"Tunakaa."

"Watu watauliza."

"Ndiyo maana tunakaa."

Jirani akaja na bakuli la njegere za kumenya. Alikuwa na nguo nyeupe na mtandio mweupe kichwani, kama anavyovaa tangu mumewe afariki. Mimi nilivaa koti jeusi, kwa sababu jua la hapa ni la kutazama tu. Tukainamisha vichwa, tukamenya.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia Kenya anajua maana ya viti kupangwa nje ya nyumba asubuhi. Mimi pia najua. Nilisahau, labda kwa sababu akili yangu ilikuwa bado Iowa. Mwenzetu mmoja wa kanisani, anayehudumia wazee, alipita kwenye basi akitoka zamu ya usiku. Aliona viti, koti jeusi, mwanamke wa nguo nyeupe, vichwa vimeinama. Kabla basi halijafika kituo kinachofuata, kundi la kanisa kwenye simu lilikuwa limeshajua kwamba kwetu kuna matanga.

Wa kwanza kufika walikuwa akina mama wenye chupa za chai. Walinikumbatia kimya, wakaingia jikoni moja kwa moja. Halafu ukaja mkate, halafu sufuria ya wali, halafu Mtanzania mmoja wa mtaa wa Ladywood na viti vyake mwenyewe, maana alijua vyetu havitatosha. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Kwetu hilo haliulizwi mlangoni. Unashika kisu na kitunguu, na jina la marehemu utalisikia kwenye maombi.

Jirani akaninong'oneza. "Nani nakufa?"

"Bado hawajaamua."

"Wewe sema."

"Nitasema. Ngoja kwanza chapati ziive."

Akanitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuuza vitambaa, kisha akasogeza kiti chake karibu na waliokuwa wakikata kabichi. Punde alikuwa akimkosoa mmoja kuhusu unene wa chapati, na mwingine alikuwa amegundua kwamba sare yake ya shule ilinunuliwa kwenye duka lao Kisumu.

"Mama, zile sare zenu zilikuwa zinatubana."

"Sare sawa. Nyinyi nakula sana."

Hapo ndipo gari la mwanawe lilipoingia mtaani na kusimama katikati ya barabara. Alishuka na maboksi matupu, akaona umati karibu na mlango wa mama yake, na maboksi yakamdondoka. Mama mmoja mwenye huruma nyingi akamshika mkono.

"Pole sana, mwanangu. Jikaze."

"Mama yangu?" akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hakisemi. "Lini?"

"Wewe nasimama barabarani kufanya nini?" sauti ya mama yake ikatokea nyuma ya sufuria. "Toa gari. Watu nataka kupita."

Mwana akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Rangi ilipomrudia, akauliza swali ambalo wengine wote walikuwa wameliogopa: basi aliyekufa ni nani? Mchungaji wetu, aliyekuwa amefika na ameshafungua Biblia, akaifunga, kidole kikiwa bado ndani. Wote wakanigeukia. Nikasema hakuna. Nikaeleza kwamba Amerika watu hukaa mbele ya nyumba bila kufiwa.

"Bila sababu?" akauliza mama aliyeleta sufuria ya wali.

"Bila sababu."

"Na mimi nimekuja na wali."

"Utaliwa."

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka. Mchungaji akasema kwa kuwa ameshafika, atabariki chakula.

Mwana hakucheka. Alimuuliza mama yake hawa wote ni nani.

"Majirani," akajibu, ingawa wengi alikuwa amewajua asubuhi hiyo.

Yule mhudumu wa wazee, aliyefika bila kulala, akajaribu kuomba radhi. Alisema hupita hapa kila siku, alimwona mama dakika moja tu kutoka ghorofa ya juu ya basi, na hakukusudia kuita watu wote hawa. Mwana aliacha kutafuna.

"Na siku usipomwona?" akauliza.

Mhudumu akashangaa kuulizwa. "Nitashuka."

Mwana akainuka, akakunja maboksi, akayarudisha kwenye gari.

"Tuone mpaka baridi ianze," akamwambia mama yake.

"Baridi nakuja, mimi navaa sweta," akasema mama. "Sasa wewe ingia jikoni, osha sufuria. Hapa kila mtu nafanya kazi."