Adamu alikauka siku ngapi?

Leo nimekwenda Kisesa kujitambulisha kwa mama wa mchumba wangu, na udongo bado uko shavuni ninapoandika hapa intaneti kafe.

Mama ni mfinyanzi. Baada ya shikamoo nikamwaga elimu ya chuo.

Kwa Kiebrania, jina Adamu linafanana na adama, yaani udongo. Kwa Kilatini, kisicho na undugu na Kiebrania, mtu ni homo, udongo humus. Ajabu, sivyo?

Mama akaendelea kufinyanga.

"Huyo Adamu alikaa kivulini siku ngapi kukauka?"

Nikasema alipuliziwa pumzi palepale.

"Palepale? Ndiyo maana mnapasuka."

Mchumba wangu akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

Mama akanibonyeza shavu, kama anavyopima vyungu vyake.

"Huyu bado mbichi. Arudi baada ya mavuno."

Jamani mliooa, ninyi mlikauka lini?