Lori la Pamba la Kwenda Musoma

Mwalimu wa fizikia alituambia kwamba mwendokasi ni skala, idadi tupu, na kasimwelekeo ni vekta, idadi yenye mshale. Wenzangu walinakili. Mimi nilikasirika, maana somo hilo nilikuwa nimeshafundishwa na lori la pamba, na ada alilipa mama.

Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa, siku ya pili mtoto hatoki. Wanaume wa ukoo wakamweka kitandani wambebe kutoka Butiama hadi hospitali ya Musoma. Hawajafika mbali, lori likatokea.

"Unaenda wapi, ndugu yangu?" baba akauliza.

"Musoma."

Basi. Tukampandisha mama, hakuna aliyeuliza zaidi. Sisi tulikuwa watu wa miguu. Kwetu, anayesema anakwenda Musoma ameelekea Musoma. Nani mwenye akili aanze kwa kutembea kinyume? Baba aliijua Musoma kwa njia za mkato, barabara ya magari hakuwahi kuipita, hivyo tulipofika njia panda lori likakata kona, alidhani ndivyo ilivyo. Nilikaa nimekishika kichwa cha mama. Lori lilikimbia mno, na baba akafurahi, akasema kwa mwendo huu mtoto atazaliwa mikononi mwa daktari.

Ziwa lilipoonekana akapiga kelele, "Tumefika!"

Mama, mzaliwa wa pwani ya ziwa kule Mugango, aliinua kichwa akatazama maji.

"Baba watoto, hapa si Musoma."

Ilikuwa Guta, ng'ambo ya Bunda, kinyume kabisa na Musoma. Dereva hakuona kosa lake. "Musoma naendaga, mzee. Ila pamba kwanza."

Yeye na watu wa pamba walipima, wakapakia, wakala. Baba aliwabembeleza mpaka sauti ikamkauka. Tulirudi kwa kasi ileile, mama juu ya magunia. Alikata roho tulipofika njia panda, pale pale lori lilipokata kona asubuhi. Mtoto alikwenda naye.

Mwalimu akamalizia kwa mfano: gari likizunguka maili nyingi kisha likarudi lilipoanzia, umbali ni mkubwa, lakini kusogea kwake ni sifuri. Darasa likacheka. Nilitamani kumrushia kitabu.

Wanasema haraka haraka haina baraka. Uongo. Haraka tulikuwa nayo ya kutosha; tulichokosa ni mshale.

Baba sikumweleza somo hilo. Hadi uzeeni, kila aliyemtaja mama alijibiwa hivyo hivyo: "Hatukuzembea. Gari ile ilikuwa inakimbiaga sana."