Kinyota Nilichoweka Jumatatu

Mwanamke aliyekuwa akifagia chumba changu cha seva alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: alisoma kila kitu. Alisoma maandishi ya kwenye makatoni, vibandiko vya nyaya, hata karatasi niliyobandika ukutani yenye majina ya tovuti zetu, midomo ikimchezacheza na ufagio umesimama. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, umepewa ufagio, hukupewa kitabu." Alicheka, akainama, akaendelea na kazi.

Wakati huo nilikuwa nimepita miaka sitini. Nilitoka Kenya kuja Juba na cheti cha kidato cha nne na ujuzi niliojifunza mwenyewe, kwa kuharibu mashine za watu na kuzitengeneza tena. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Buluk, ofisi ya shirika dogo lililosimamia shule kadhaa na chuo kimoja cha uuguzi na ukunga. Seva ilikuwa mikononi mwangu. Hakuna mwingine aliyeielewa, na nilihakikisha hali inabaki hivyo. Vijana wenye digrii walikuja, wakaniuliza maswali, nikawajibu kwa mafumbo mpaka wakachoka wakaondoka.

Mama huyo alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, akarudi kwao akiwa mtu mzima, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. Kwa miaka minne alimaliza kufagia, akavua aproni, akaenda kukaa darasani na watoto wa kuwazaa. Alifaulu mtihani wa sekondari. Aliomba nafasi ya ukunga katika chuo chetu, na akachaguliwa. Chuo hakikuchukua mtu aliyepita miaka arobaini, naye alikuwa nayo arobaini kamili. Mwaka ule ulikuwa nafasi yake ya mwisho.

Ujumbe uliingia kwenye simu yake: fungua anwani hii, thibitisha nafasi yako kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asiyethibitisha, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Alimwonyesha kila mtu ofisini ujumbe ule. Mimi alinionyesha mara mbili. Mara ya pili nilimwambia nimeshauona.

Sasa nieleze nilichokifanya.

Kila shule yetu ilikuwa na anwani yake ya mtandaoni: jina la shule, nukta, halafu jina la shirika. Wiki iliyotangulia, mkurugenzi alikuwa na wageni, akaandika jina la shule vibaya mbele yao, na skrini ikamtolea maandishi ya kosa. Aliniita akiwa amekunja uso. "Mzee, sitaki mtu aone kitu kile tena. Mtu akikosea jina, mpeleke ukurasa wa mwanzo. Basi."

Kazi yenyewe ni ya mistari michache. Kwenye orodha ya majina, badala ya kuandika jina moja moja, unaweka kinyota. Kinyota maana yake ni jina lolote lile. Kisha unaiagiza seva: jina lolote usilolijua likija, lipeleke ukurasa wa mwanzo. Lakini kabla ya kuweka kinyota, mtu mwangalifu huketi na orodha ya zamani na kuliuliza kila jina ni la nani na linakwenda wapi. Majina mengine hayakai kwenye seva yako. Yako kwenye seva za watu wengine, na kinachoyafikisha huko ni mstari mmoja tu katika orodha yako. Ukiufuta, kinyota kinalimeza jina hilo, na hakuna kelele yoyote inayosikika.

Jumatatu asubuhi nilikuta majina kumi na kitu ambayo sikuyakumbuka. Mojawapo, la ukurasa wa kuthibitisha nafasi kama nilivyojua baadaye, liliwekwa na msajili wa chuo nikiwa likizoni, kwa idhini ya mkurugenzi. Ningeweza kupiga simu moja. Nikasema moyoni: kama sikuliweka mimi, halina mwenyewe. Nikafuta yote, nikaweka kinyota.

Kosa la pili lilikuwa la namba. Seva inaweza kumwambia mgeni mambo mawili. Mia tatu na mbili ni kusema: kwa leo pita huku, kesho uniulize tena. Mia tatu na moja ni kusema: njia ni hii milele, usiniulize tena. Kivinjari cha simu, ile programu ya kufungulia kurasa, kikishaambiwa mia tatu na moja, hukariri, na huenda kisiulize tena kabisa. Fundi mwenye akili huanza na mbili, akaangalia kwa siku kadhaa, ndipo akaandika moja. Mimi niliandika moja siku ileile. Kuandika mbili ni kukiri kwamba huenda umekosea.

Jumanne mama alinijia na simu mkononi. Dereva wetu, Mganda mmoja mwenye kicheko kikubwa, alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai.

"Mzee, samahani. Hii linki inanipeleka tu kwa picha ya watoto."

Picha hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wetu wa mwanzo: wanafunzi sita wenye sare, wakicheka.

"Umebonyeza vizuri?"

"Nimebonyeza."

"Nimeshaona unavyobonyeza. Kama mtu anachomoa mwiba."

Dereva akapasuka kwa kicheko. "Mzee, leo wewe iko mbaya!"

Naye mama akacheka, akaondoka. Jumatano alijaribu tena, akaniambia hali ni ileile. Sikuinua kichwa.

Alhamisi simu zilianza kuingia. Waombaji kadhaa walilalamika kwamba ukurasa wa kuthibitisha umepotea. Mkurugenzi alitukusanya akauliza nani amegusa nini. Nikasema, "Ni mtandao, bwana mkurugenzi. Tangu juzi unasumbua." Nilisema hivyo nikimtazama machoni. Kisha nikarudi kwenye kiti changu, nikautafuta mstari niliofuta, nikaurudisha. Baada ya saa chache, ukurasa ulifunguka kwenye kompyuta yangu. Waombaji ambao hawakuwa wamejaribu walipita bila shida. Waliokuwa wamejaribu mapema waliazima simu za ndugu na jirani, nao wakapita.

Ijumaa asubuhi mama alikuja kazini na gauni lake la kanisani. Alikuwa amepanga kwamba akishathibitisha, atakwenda kupiga picha ya kupeleka chuoni.

"Mzee, wenzangu wamefungua. Yangu inarudi tu kwa watoto."

Alinipa simu. Nilibonyeza, nikawaona wale watoto sita wakinicheka, na papo hapo nikajua. Simu ilikuwa imekariri amri yangu ya Jumatatu. Seva ilikuwa imepona, lakini simu yake haikuiuliza tena. Dawa ilikuwa kufuta kumbukumbu za kivinjari, nusu dakika. Au kumgeuzia kompyuta yangu na kumwambia, andika hapa.

Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye korido. Nilijiambia kwamba nikitengeneza simu hiyo ataniuliza ilikuwa na nini, na uongo wa jana utatoka. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na nimeishi nayo muda mrefu kama mtu anayeishi na shuka iliyotoboka. Ya kweli ni nyingine. Yule mwanamke alikuwa anakaribia kunipita. Mimi niliishia kidato cha nne, naye angevaa sare nyeupe, aitwe sista. Ningebaki na seva yangu, na chumba changu kingefagiwa na mtu mwingine asiyesoma.

Nikamrudishia simu. Nikapaza sauti ili imfikie dereva pale mlangoni.

"Mama, simu haina kosa. Ni hicho kidole, kimezoea ufagio. Na huo ukunga utauweza vipi? Mtoto akikataa kutoka, utamfagia?"

Dereva alimwaga chai kwa kucheka. Hata mkurugenzi alitabasamu huko koridoni. Mama naye alicheka, kile kicheko cha mtu ambaye hana pengine pa kuweka uso wake.

"Malesh, ya mzee," akasema, kwa Kiarabu cha Juba. Samahani. Yeye ndiye aliyeniomba mimi samahani.

Baada ya kicheko kile, angemwendea nani kuomba simu? Nilimwona kupitia dirishani, amekaa kwenye ngazi ya uani. Anabonyeza, anatazama, anafuta kioo cha simu kwa pindo la gauni. Halafu akaanza kukifuta kidole. Alikifuta kwa nguvu, akibonyeza tena, akikifuta tena. Saa sita alikuwa pale. Saa tisa alikuwa pale. Saa kumi na moja nilitazama saa yangu, nikazima skrini, nikaenda nyumbani.

Jumatatu alikuja akafagia chumba changu. Hakusoma kitu. Alipofika kwenye ile karatasi ya ukutani, aliipita kama ukuta mtupu. Miezi michache baadaye aliacha kazi, na mimi nikastaafu na zawadi ya saa ya ukutani na hotuba iliyosema nilikuwa nguzo.

Mwaka jana nilipanda boda boda kwenda soko la Konyo Konyo kununua samaki, nikamkuta. Anauza bamia zilizokaushwa, amezitandaza kwenye turubai. Mteja alikuwa akimtajia namba yake aiweke kwenye simu, naye mama akampa mteja simu.

"Andika wewe, dada. Vidole vyangu ni vya ufagio." Wakacheka wote wawili. Alikuwa amezoea kulisema neno hilo. Lilimtoka kama jina lake.

Mteja alipoondoka, nilichuchumaa nikamwambia yote. Mstari niliofuta, mia tatu na moja, simu iliyokariri, nusu dakika. Nilimwambia kwamba Ijumaa ile nilijua. Aliendelea kupanga bamia mafungumafungu mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo haikuwa mimi."

"Haikuwa wewe."

"Na sasa unataka nikusamehe."

Nilisema ndiyo.

"Mzee, miaka hii yote nilijua ni ujinga wangu. Niliuzoea, hata ukawa wa kuchekesha watu. Ningekufa nao vizuri tu. Sasa umekuja kuuchukua, ulale vizuri. Na mimi umeniachia nini? Umeniachia kujua kwamba ningeweza."

Nilinyoosha mkono nichague fungu la bamia, angalau nimuunge mkono. Akalivuta turubai upande wake.

"Khalas," akasema. Basi, imetosha. "Sogea, mzee. Unawazibia wateja njia."

Nilisogea.