Jani la Mke wa Balozi

Mwanangu, nakumbuka siku moja mtaani kwetu Msamala, miaka ile vyama vingi vilipokuwa vimetoka tu kuruhusiwa na kila mtu akawa hajui aseme nini mbele ya nani. Kaka yangu Lotari, fundi baiskeli, alikuwa mahabusu pamoja na wenzake kwa kufanya mkutano wa chama chao kipya bila kibali. Redioni walisema sasa ni ruhusa, na huku mtaani watu wanakamatwa. Nilimuuliza baba lipi ni la kweli, akaniambia nikachote maji.

Mahabusu waliruhusiwa kuletewa chakula. Kwetu, kama unavyojua, chakula cha kumpelekea mtu hakiendi wazi, kinafunikwa kitambaa cha kudarizi. Basi wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa, waliofundishwa kudarizi na masista tangu wakiwa wasichana, wakakubaliana washone kitambaa kimoja kikubwa cha kufunikia kapu la vijana wote. Kila kijana aliyefungwa awe na ua lake, na kila nyumba ishone jani. Neno lolote lisiandikwe, wala rangi ya chama chochote isitumike. Kitambaa kikawa kinazunguka nyumba hadi nyumba. Nyuzi hazikuwa shida tena, maduka yalikuwa yamejaa kila rangi, si kama zamani tulipofumua masweta kupata nyuzi.

Kilipofika kwetu, niliona jani moja nikajua limeshonwa na nani. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, mjumbe wa chama tawala pale mtaani, alikuwa na tabia ya kushona kwa uzi wa mikunjo miwili, majani yake yanavimba. Na mumewe ndiye aliyepeleka habari za mkutano polisi! Sikuelewa kabisa. Alitaka nini huyu mama? Kutupeleleza? Kutucheka? Hasira zikanipanda, nikachukua mkasi nilifumue. Mama Osmunda, kiongozi wa jumuiya, akanikuta.

"Weka mkasi chini, binti."

"Shikamoo, mama. Lakini mume wake ndiye aliyemchongea kaka."

"Najua. Jani ameshona yeye, hajashona mumewe. Wewe unataka kaka yako akumbukwe na watu wachache?"

Niliweka mkasi. Usidhani nilikubali, niliogopa tu kibao cha Mama Osmunda, maana alikuwa na mkono mzito.

Jumapili baada ya misa tukaenda gerezani. Askari wa zamu akakigeuza kitambaa juu chini akitafuta maandishi. Alipoyakosa ndipo akakasirika zaidi. Akasema aliyeshona ajitaje aandikwe jina, la sivyo kapu linarudi nyumbani na hakuna chakula kingine mpaka atakapojitaja. Nilimfikiria Lotari huko ndani akingoja, na bado mdomo haukufunguka.

Aliyesogea mbele ni mke wa balozi.

"Niandike mimi," akasema. "Mume wangu unamfahamu."

Kisha Mama Osmunda akasema aandikwe na yeye, na mwingine, na mwingine, nami mwishoni. Yule askari akatutazama, akamtazama tena mke wa balozi. Askari naye alikuwa haelewi kitu, masikini. Kumwandika mke wa balozi hakuthubutu; akalisukuma kapu ndani, na kitambaa chake juu.

Balozi alimrudisha mkewe kwao Mshangano, akakaa huko hadi mahindi yakavunwa. Nilimfuata kumwomba aniambie kwa nini alifanya vile. Nilitaka aseme anamchukia mumewe, au anakipenda chama cha kina kaka, nipate pa kumweka. Alikuwa anapepeta mahindi, hata hakuinua kichwa.

"Niache, mwanangu. Hata mimi sijui."

Lotari alitoka, ameoa, ana wajukuu. Mimi nimezeeka na swali langu lile lile. Ndiyo maana nakwambia: mtu akija kusimama upande wako siku ya shida, mpokee kwanza. Usimhoji mlangoni yeye ni wa nani na mumewe alisema nini. Pengine utamwelewa baadaye, pengine hutamwelewa kamwe. Lakini ndugu yako atakuwa amekula.

Mungu akujalie watu wa kusema "niandike mimi" siku wewe umefungwa mdomo na hofu. Na akulinde, mwanangu, usije ukawa umeshawafukuza.